Piza ya Rojo la Kihindi Isiyo na Nyama: Mwongozo Kamili wa Kuipika Nyumbani

Kinachoiharibu piza ya rojo la Kihindi kuliko kitu kingine chochote ni maji. Mchuzi tunaoupenda juu ya wali una majimaji ya kuulowanisha wali huo, na mboga zinazoupendeza, kama vile koliflawa, mchicha, bamia na nyanya, nazo zimejaa maji yake. Ukivimimina vyote juu ya unga mbichi na kuvisukumia ndani ya oveni, utatoa ukingo mkavu unaozunguka kitu chenye ulaini wa uji. Piza yangu ya kwanza ya aina hii ilitoka hivyo. Niliipaka mchuzi wa paniri (jibini ya Kihindi) uliobaki mchana, wenye tui la nazi, na sehemu ya katikati haikuiva hata baada ya kuiongezea dakika kumi za moto. Tangu siku hiyo niliianza upya kazi yote kuanzia kwenye rojo, na karibu kila hatua iliyomo humu, hata ile inayoonekana kuhusu ladha peke yake, inalenga kuyatoa maji kabla piza haijafika motoni.

Chakula chenyewe kina umri wake. Mjini San Francisco, Marekani, mkahawa uitwao Zante ulianza kuuza piza ya Kihindi katika miaka ya 1980, na nchini India, ambako kampuni kubwa za piza za Marekani zilifungua maduka yake ya kwanza mwaka 1996, piza yenye vipande vya paniri imekuwa kitu cha kawaida kwa sababu walaji wengi wa huko hawagusi nyama. Kwetu Afrika Mashariki haihitaji safari ndefu ya kutafuta viungo: bizari, giligilani, tangawizi, samli na korosho vimo majikoni mwetu tayari, na mkono uliozoea kukanda chapati umeshajifunza nusu ya kazi. Isichanganywe tu na piza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani, ambayo ni unga mwembamba unaokunjwa ukiwa na yai na kima ndani, kisha ukakaangwa juu ya chuma. Hiyo ni tamu kwa namna yake, lakini ni chakula kingine.

Vipimo vya hapa vinatosha piza mbili zenye upana wa sentimita 28, yaani mlo wa watu wanne. Kazi yote huchukua kama saa tatu, ingawa sehemu kubwa ya muda huo ni wa kusubiri. Anza na paniri, kisha kanda unga, na wakati unga unaumuka pika rojo na ukaushe mboga.

Paniri

Paniri ni jibini ya maziwa yaliyokatwa kwa asidi. Faida yake kwenye piza ni kwamba haiyeyuki ikipata moto, bali hubaki na umbo lake na kushika rangi ya kahawia kwenye pembe, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kufanya kazi ya kuvishikanisha vitu juu ya unga. Kazi hiyo tutaiachia mozarela. Ukiipata dukani, gramu 250 zinatosha. Ukiamua kuitengeneza, na mimi ningekushauri uitengeneze, chemsha lita 2 za maziwa ya ng'ombe yasiyopunguzwa mafuta, ukiyakoroga ili yasishike chini. Yale maziwa ya boksi yanayokaa miezi bila friji hayafai sana, kwa kuwa hutoa chembe laini zisizoshikana vizuri.

Maziwa yakianza kupanda, zima moto, kisha tia maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula baada ya kingine huku ukikoroga polepole. Vijiko vinne kwa kawaida vinatosha. Utaona mabonge meupe yakijitenga na maji ya rangi ya kijani hafifu. Maji yakibaki meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo. Chuja kwa kitambaa chepesi na safi, ukikinga maji yake kwenye bakuli, suuza mabonge kwa maji baridi ili uchachu uondoke, kamua, funga kitambaa kwa nguvu na ukiweke juu ya kibao kilichoinamishwa kidogo, kisha ukigandamize kwa sufuria iliyojaa maji kwa saa nzima. Usiifupishe saa hiyo, kwa sababu paniri iliyokamuliwa nusu hutoa maji yake ndani ya oveni, na sote tumeshajua yanakokwenda. Yale maji uliyoyakinga usiyamwage. Yana ladha nzuri na tutayakandia unga.

Unga

Pima gramu 400 za unga wa ngano mweupe, yaani vikombe vitatu na kidogo, na uhakikishe si ule unaouzwa ukiwa umeshatiwa cha kuumulia. Uchanganye na hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, na chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Tia mililita 250 za maji ya paniri yakiwa vuguvugu, pamoja na mafuta ya kula vijiko viwili vya chakula. Kama hukutengeneza paniri, tumia mililita 190 za maji ya kawaida na mililita 60 za mtindi mzito, jinsi wanavyofanya wapishi wa naani, ambao hupenda mtindi kwa kuwa huulainisha mkate na kuupa uchachu mdogo unaopatana na viungo.

Kanda kwa dakika kumi bila huruma. Mwanzoni donge litanata mkononi, na kishawishi cha kuongeza unga kitakuwa kikubwa. Kishinde, kwa sababu unga mwingi hufanya mkate mgumu kama chapati iliyolala. Unga umekandika vya kutosha pale ambapo kipande kidogo, ukikivuta taratibu kwa vidole vya mikono miwili, hufanya utando mwembamba unaopenyeza mwanga kabla ya kuchanika. Pakaza donge mafuta, lifunike na uliache liumuke mpaka liwe mara mbili. Dar es Salaam au Mombasa, wakati wa joto, dakika 50 hutosha, na ukichelewa unga huanza kunuka pombe. Nairobi, Arusha au Njombe penye baridi huenda ukangoja saa mbili. Anayetaka ladha ya ndani zaidi apunguze hamira iwe nusu kijiko cha chai na alilaze donge ndani ya friji usiku kucha, kisha alitoe saa moja na nusu kabla ya kulisukuma.

Rojo

Hapa ndipo piza inapopatikana au kupotea, kwa hiyo usifanye haraka. Loweka gramu 50 za korosho mbichi ndani ya maji ya moto kwa dakika 20. Katakata vitunguu maji viwili vya wastani viwe vidogo sana, twanga punje sita za kitunguu saumu pamoja na kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, na usage nusu kilo ya nyanya zilizoiva. Chagua zile ndefu zenye nyama nyingi badala ya zile za mviringo zilizojaa maji na mbegu.

Pasha vijiko vitatu vya samli au mafuta katika sufuria pana; upana una maana, kwa kuwa mvuke hutoka haraka zaidi penye uwazi mkubwa. Tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba ikiwa nzima, na ikianza kupasukapasuka na kunukia, tia vitunguu pamoja na chumvi kidogo. Vikaange kwa moto wa wastani mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, jambo litakalochukua dakika 12 hadi 15. Wengi huviacha vikiwa vyeupe na laini tu, na matokeo yake ni rojo lenye utamu mbichi wa kitunguu usiofichika.

Tia tangawizi na kitunguu saumu, koroga kwa dakika moja na nusu, kisha punguza moto na utie viungo vya unga: manjano nusu kijiko cha chai, giligilani vijiko viwili vya chai, na pilipili nyekundu kijiko kimoja cha chai au pungufu kwa anayeogopa ukali. Unga wa viungo huungua upesi na ukiungua huwa mchungu, kwa hiyo nyunyiza vijiko viwili vya maji ili usishike chini. Maji hayo yatakauka mara moja na hayatatudhuru. Sekunde 40 zinatosha viungo kuachia harufu yake ndani ya mafuta.

Sasa mimina nyanya, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha nyanya ya kopo, na uanze kukausha. Mwanzoni litachemka kama supu. Baadaye mapovu yatakuwa makubwa na mazito, yakipasuka kwa sauti na kurusha matone, kisha pembeni mwa sufuria utaona mafuta mekundu yakijitenga na kung'aa. Wapishi wazoefu wa michuzi ya Kihindi huzitazama alama hizo kuliko saa, nazo zinatuambia jambo halisi: maji yamekwisha kiasi cha kutoweza tena kuyashikilia mafuta, na nyanya imepoteza ubichi wake. Hapo saga korosho na maji kidogo kadiri mashine itakavyoruhusu, ziwe laini kama losheni, uzitie, kisha ukaushe tena, kwa sababu umerudisha maji uliyokuwa umeyatoa.

Kipimo cha mwisho ni mwiko. Uburute katikati ya sufuria mpaka uone chuma cha chini. Kama njia hiyo inazibwa papo hapo, rojo bado ni mchuzi. Kama inabaki wazi huku kingo zake zikirudi polepole, ukihesabu moja mpaka tano, limekuwa tayari. Zima moto, tia kijiko kimoja cha chai cha garam masala, na kijiko kimoja cha chakula cha majani makavu ya uwatu, yanayouzwa katika maduka ya Wahindi kwa jina la kasuri methi, ukiyasugua kati ya viganja ili yavunjike. Usiache majani haya kwa kuona ni machache: harufu yake ndiyo inayomfanya mtu aliyeketi sebuleni ajue kwamba kinachopikwa si mchuzi wa nyanya wa kila siku. Onja chumvi, kisha lipoze rojo kabisa. Likipakwa likiwa na joto huanza kuulowesha unga kabla piza haijaingia ndani ya oveni.

Mboga

Kwa piza hizi mbili natumia nusu ya koliflawa ya wastani, pilipili hoho moja ya kijani na moja nyekundu, pamoja na kitunguu kimoja chekundu. Ikatekate koliflawa iwe maua madogo yenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ichanganye na chumvi, robo kijiko cha chai cha manjano na kijiko kimoja cha mafuta, kisha ioke kwa nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 15, au uikaange kwenye kikaango kikavu bila kufunika, mpaka ncha zake zipate madoa ya kahawia. Hoho zikate vipande vyembamba na uzipitishe kwenye kikaango chenye moto mkali kwa dakika mbili tu. Kitunguu kiingie kibichi, kikiwa kimekatwa kwa wembamba wa karatasi.

Anayependa mchicha auchemshe kwa dakika moja, aukamue kwa mikono mpaka usidondoshe kitu, kisha aukatekate. Biringanya likaangwe kwanza. Viazi vinafaa vikiwa vimechemshwa na kukatwa vidogo, ingawa kwa maoni yangu wanga juu ya wanga huifanya piza iwe nzito. Kwa asiyetumia maziwa, dengu zilizochemshwa na kukaushwa vizuri hujaza nafasi ya paniri kwa heshima kabisa, mradi unga ukandwe kwa maji matupu na rojo lipikwe kwa mafuta badala ya samli. Jibini nayo ataiacha na kuongeza rojo kidogo.

Paniri ikate vipande vya mraba vya sentimita moja na nusu, na uichanganye na karibu nusu ya rojo lililopoa. Nusu iliyobaki ndiyo ya kupaka. Kwa jibini ya kuyeyuka, tayarisha gramu 250 za mozarela ya donge kavu, ile inayoweza kukwaruzwa. Mozarela mbichi inayouzwa ikielea ndani ya maji haifai hapa.

Neno kuhusu wageni

Ukimwalika mtu asiyekula nyama kwa sababu ya dini yake, usidhani kwamba kukosekana kwa nyama kunatosha. Unga huu hauna yai, na hilo ni muhimu kwa Wahindu wengi. Jibini inahitaji uangalifu zaidi: baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, Parmesan ikiwa miongoni mwake, kwa hiyo soma karatasi ya pakiti na utafute ile inayosema inafaa kwa wasiokula nyama. Wajaini, yaani wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, na wafuasi wengi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hawali kitunguu maji wala kitunguu saumu, na Wajaini wengi huacha pia viazi na vyakula vingine vinavyochimbwa ardhini. Kwa wageni hao ondoa vitunguu vyote viwili, ongeza nyanya gramu 150, na utie chembe ya mvuje, kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kisu, ndani ya samli ya moto pamoja na bizari nyembamba. Mvuje una harufu kali isiyopendeza ukiwa mkavu, lakini ukikaangwa hutoa ladha iliyo karibu sana na ya kitunguu saumu. Tangawizi mbichi waulize kwanza, kwani nayo huchimbwa.

Kupanga na kuoka

Washa oveni kwa moto wake wa juu kabisa, nyuzi 250 ikiwezekana, dakika 40 kabla ya kuoka. Weka ndani sinia zito la kuokea likiwa limepinduliwa, ili liwe limeshika moto kabisa. Unga ukikutana na chuma cha moto huanza kuiva chini mara moja, kabla rojo halijapata nafasi ya kuulowesha. Gawa donge mara mbili, viringa kila moja, na uyapumzishe kwa dakika 15. Usitumie kifimbo cha chapati isipokuwa imebidi. Bonyeza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda nje, ukiacha ukingo wa upana wa kidole bila kuugusa, kisha uvute taratibu mpaka ufike sentimita 28. Donge likirudi nyuma kila unapolivuta, limechoka. Liache dakika tano na ujaribu tena.

Laza duara hilo juu ya karatasi ya kuokea, au juu ya kibao kilichonyunyiziwa suji ili lisinate. Baadhi ya oveni za nyumbani hazifiki nyuzi 250, na kama yako ni miongoni mwake, oka unga mtupu kwa dakika tatu kwanza, ukiwa umeutoboa kwa uma katikati. Kisha paka rojo vijiko vinne hadi vitano vya chakula kwa mgongo wa kijiko, tabaka jembamba ambalo kupitia kwake bado unauona unga. Mkono utataka kuongeza, lakini usiufuate. Nyunyiza theluthi mbili za mozarela ya piza hiyo, panga paniri, koliflawa, hoho na kitunguu kwa nafasi, na umalizie na mozarela iliyobaki. Jibini ya chini huwa kama pazia kati ya mboga na unga, na ile ya juu huzishika mboga zisidondoke wakati wa kukata.

Telezesha piza juu ya sinia la moto na uoke kwa dakika 10 hadi 12. Usiitazame jibini peke yake. Inua ukingo kwa kisu uangalie chini, ambako unatafuta madoa ya kahawia kama ya chapati iliyoiva vizuri. Juu pakiwahi kuiva, shusha sinia kwenye ngazi ya chini ya oveni.

Bila oveni

Nimeipika piza hii mara nyingi juu ya jiko la gesi, na haidhalilishi mtu. Gawa unga mara tatu badala ya mbili, kwa kuwa piza ndogo na nyembamba huiva vizuri zaidi kwa njia hii. Pasha kikaango kizito cha chuma au tava kwa moto wa wastani, laza unga mtupu mpaka upande wa chini upate madoa, kama dakika mbili, kisha ugeuze. Upande ulioiva sasa uko juu, nao hautanyonya maji kirahisi. Upake rojo, weka jibini na mboga kidogo, funika na upunguze moto uwe mdogo kabisa kwa dakika tano hadi sita. Mfuniko ufungwe kwa kitambaa safi upande wa ndani, ncha zake zikakunjwa juu mbali na moto, ili mvuke unyonywe na kitambaa badala ya kudondokea piza. Mwenye jiko la mkaa na anayejua kuoka mkate wa kumimina ana njia bora zaidi: makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko wa bati, na jibini itashika rangi ya kahawia ambayo gesi haiwezi kuitoa.

Ikitoka motoni

Ipumzishe juu ya waya au kichujio kwa dakika tatu ili mvuke wa chini utoke. Ukiilaza moja kwa moja juu ya sahani bapa, mvuke hugeuka maji na kuulainisha unga ulioutesekea. Hapo ndipo vinaingia vitu vibichi: majani ya kotimiri, ambayo Kenya huitwa dania, pilipili mbichi iliyokatwa kwa anayeitaka, na matone ya ndimu. Mtindi uliopigwa na chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa uandaliwe kwenye bakuli pembeni, kila mtu achovye mwenyewe.

Piza iliyolala ipashwe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila mfuniko kwa dakika tatu, kisha na mfuniko kwa dakika moja. Rojo likibaki, hukaa siku tatu ndani ya friji, au mwezi mmoja likigandishwa katika vipakti vya vijiko vitano vitano, kila kimoja kikiwa kipimo cha piza moja.